Hesabu ya Njaa: Kitabu cha Mwokota Karatasi

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hii ni fupi, na kwa sababu ya ufupi wake watu huitamka upesi na kuisahau upesi. Walakini ndani yake mna swali kubwa kwa kila mtu apendaye vitabu. Ikiwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ni nani basi atakayetuandikia habari za njaa tukaziamini? Aliyeshiba ana wakati, wino na karatasi, lakini hana ujuzi. Mwenye njaa ana ujuzi, lakini aghalabu hana wakati, hana wino, wala hakufundishwa vema kuandika. Kwa hiyo vitabu vingi vinavyosimulia maisha ya mafukara vimeandikwa na watu waliokwenda kuwatazama. Miongoni mwa hivyo vimo vilivyo bora; lakini mtazamaji, hata awe na macho makali namna gani, jioni hurudi kwake akala.

Insha hii yahusu kitabu kimoja ambacho hakikuandikwa na mtazamaji. Jina lake kwa lugha ya Kireno ni Quarto de Despejo, maana yake chumba cha kutupia vitu visivyotakiwa tena nyumbani. Kilichapishwa nchini Brazili mwezi wa Agosti mwaka 1960. Mwandishi wake, Carolina Maria de Jesus, alikuwa mwanamke mweusi, mama wa watoto watatu, na kazi yake ilikuwa kuokota karatasi na vyuma vikuukuu katika barabara za mji wa São Paulo na kuviuza kwa kilo. Kitabu chenyewe ni shajara, yaani habari za kila siku zilizoandikwa siku hiyohiyo. Wengi wamekisoma wakalia. Nia yangu ni kuonyesha kwamba nguvu ya kitabu hiki haimo katika machozi bali imo katika hesabu, na kwamba msomaji aliyemhurumia mwandishi, kisha akaridhika na huruma yake, bado hajakisoma.

Carolina alizaliwa mwaka 1914 katika mji mdogo wa Sacramento, jimbo la Minas Gerais. Utumwa ulikuwa umekomeshwa nchini Brazili tarehe 13 Mei 1888, na watu waliowahi kuwa watumwa walikuwa bado hai wakati wa utoto wake. Alikwenda shule miaka miwili tu. Miaka hiyo miwili ilimpa mali ambayo hapana mtu aliyeweza kumnyang'anya baadaye: alijua kusoma na kuandika, akavipenda vyote viwili upeo wa kupenda. Alipokuwa mtu mzima alikwenda São Paulo, mji mkubwa wa viwanda, akawa mtumishi katika nyumba za watu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alihamia Canindé, karibu na mto Tietê. Mahali pa namna ile Wabrazili hupaita favela: ni makao ya mabanda ambayo mafukara hujijengea wenyewe kwa mbao, mabati na makaratasi mazito, katika ardhi isiyo yao. Huko alijijengea banda lake kwa mbao alizozibeba mwenyewe, akawalea wanawe bila ya mume. Madaftari aliyoandikia aliyaokota katika taka.

Shajara yaanza tarehe 15 Julai 1955. Siku hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya binti yake mdogo. Mama alitaka kumnunulia viatu, lakini bei ya chakula haikumpa nafasi. Basi akaokota jozi moja katika taka, akaiosha, akaitengeneza, akamvika mtoto. Fedha ya mkate haikuwapo. Akaosha chupa tatu, akazipeleka kwa mtu aliyezipokea na kumpa mkate badala yake. Kisha akaenda kuchukua malipo ya karatasi zake, akapewa cruzeiro 65, fedha za Brazili za wakati ule. Akanunua nyama ya cruzeiro 20, kilo moja ya shahamu ya nguruwe, kilo moja ya sukari, na jibini ya cruzeiro 6. Fedha zikaisha, na habari ya manunuzi ikaisha nazo.

Na tuitazame habari hii kwa makini, maana ndiyo ufunguo wa kitabu kizima. Mwandishi mwingine angalitumia kurasa mbili kueleza uchungu wa mama asiyeweza kumnunulia mwanawe viatu. Carolina ametaja uchungu huo kwa maneno machache, kisha akaugeukia mfuko wake na kuuhesabu mbele yetu. Anatupa bei, uzito na idadi. Msomaji hana budi kujumlisha na kutoa pamoja naye. Na anapomaliza kutoa, anaona kwamba hakikubaki kitu cha kesho. Hakuambiwa ahuzunike. Amefika kwenye huzuni kwa njia ya hesabu, na huzuni ya namna hii haifutiki kwa leso.

Hesabu hizi zina kazi ya pili: zinajibu tuhuma. Katika nchi nyingi watu walioshiba husema kwamba mafukara ni wavivu, na kwamba kama wangalijitahidi wangalikuwa na kitu. Carolina hajibizani nao kwa hoja. Anaandika tu siku yake. Anaamka mapema kwenda kuteka maji kwenye mfereji wa favela, ambako wanawake hungoja zamu na kugombana. Anawapa watoto kilichopo, ikiwa kipo. Anaingia mjini na gunia, na mara nyingi binti yake hakubali kuachwa. Basi uzito wa gunia unakuwa kichwani na uzito wa mtoto mikononi. Anauza, ananunua, anapika, anafua. Anaamua ugomvi wa majirani. Usiku, watoto walipolala, anaandika. Msomaji awezaye kutaja saa ya uvivu katika siku ile na aitaje.

Tena kazi yenyewe haina dhamana. Mvua ikinyesha karatasi hulowa, na siku ya karatasi zilizolowa ni siku isiyo na chakula. Mtu mwenye mshahara huitazama mvua dirishani. Carolina aliitazama kama mfanyakazi anavyomtazama tajiri aliyemfukuza kazi bila ya sababu. Jumamosi nayo ilimtia wasiwasi, kwa sababu siku hiyo alipaswa kupata chakula cha siku mbili kwa nguvu za siku moja. Siku ambazo kwetu ni za mapumziko, katika kitabu hiki ni siku za hofu. Jambo dogo kama hili hapana mtazamaji ambaye angaliliwaza.

Tuna methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni methali njema, na wazazi wetu hawakukosea kutufundisha. Lakini kitabu hiki chatuonyesha sharti ambalo methali haikulitaja: haba ya leo yapaswa kungoja haba ya kesho. Kwa mtu anayepokea cruzeiro 65 na kuzimaliza siku hiyohiyo kwa chakula cha watoto, haba haingoji. Kila kinachoingia kibabani huliwa kabla ya jua kuchwa. Hivyo ufukara wa kupindukia si uchache wa mali tu. Ni kuondolewa kesho. Siku ya kuzaliwa ya binti inaporudi baadaye katika shajara, mtoto anauliza kama ataokewa keki, na mama hawezi kuahidi. Jibu lake lategemea fedha ambazo hajazipata. Miaka imepita, mama amefanya kazi kila siku ya miaka hiyo, na bado yuko mahali palepale.

Hapa wasomaji wengine hulalamika. Husema kwamba kitabu chajirudia mno: maji, karatasi, mkate, maharagwe, ugomvi, kesho yake maji, karatasi, mkate. Ni kweli kwamba chajirudia. Walakini kujirudia huku si udhaifu wa ufundi, bali ni maana yenyewe ya kitabu. Riwaya hutuzoesha kutazamia kwamba taabu itapanda kama mlima, ifike kileleni, kisha ishuke. Njaa haipandi wala haishuki, inazunguka. Habari ya mwisho ya shajara ni ya tarehe 1 Januari 1960. Mwaka umekuwa mpya kwa ulimwengu mzima. Mwandishi anaamka mapema na kwenda kuchukua maji. Kitabu kinakwisha hapo, mferejini, pale siku zake zilipozoea kuanza. Sijui ni mwandishi gani wa riwaya angalithubutu kumaliza hivyo.

Isidhaniwe kwamba kwa kuwa anahesabu, mwandishi huyu hana jicho la mshairi. Katika habari za mwezi wa Mei mwaka 1958 anaeleza kwamba njaa ina rangi. Alikuwa akitembea mjini akiona kizunguzungu, na mbingu, miti na ndege vyote vilikuwa vya manjano machoni pake. Alipokula, kila kitu kikarudi katika rangi yake. Tunajua kwamba waandishi wengi wameilinganisha njaa na mnyama, na moto, na kisu. Hizo ni tamathali zilizobuniwa mezani. Rangi ya manjano haikubuniwa, ilionwa. Ndiyo maana inashangaza na kuaminika kwa wakati mmoja.

Yapo masimulizi mengine katika mwezi huohuo ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kilele cha kitabu. Carolina anamkumbuka kijana mweusi aliyekuwa akiuza vyuma kama yeye. Alimkuta jaani akichagua vipande vya nyama vilivyotupwa. Kijana alimkaribisha achukue, naye akapokea vichache asije akamwumiza moyo. Alijaribu kumshawishi asile nyama ile. Kijana akasema kwamba hakuwa amekula kwa siku mbili. Akawasha moto, lakini njaa haikumpa subira ya kungoja nyama iive. Aliipasha tu joto, akala. Mwanamke hakuweza kutazama, akaenda zake. Kesho yake kijana alikutwa amekufa, mwili umevimba. Hakuwa na hati yoyote mfukoni. Akazikwa, wala hapana aliyetaka kujua jina lake.

Mwandishi amesimulia haya kwa maneno makavu, bila ya kupaza sauti. Lakini fikiri mahali masimulizi haya yalipowekwa. Kitabu kilichojaa bei, uzito na idadi, kitabu ambamo hata chupa tatu zimehesabiwa, ghafula kinakutana na mtu ambaye serikali haikumhesabu na kaburi halikumtaja. Ndipo tunapoelewa kwa nini Carolina alihesabu kila kitu kwa bidii namna ile. Kuhesabiwa ni kuwapo. Yeye alishika kalamu ili watoto wake na yeye mwenyewe wasizikwe kama yule kijana, na ili kijana naye, ingawa jina lake limepotea, asipotee na kifo chake.

Habari ya tarehe 13 Mei 1958 ni ya namna hiyohiyo. Ilikuwa sikukuu ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa, na mvua ilikuwa ikinyesha. Maana yake karatasi zimelowa na chakula hakipo. Anaandika habari za watoto wenye njaa na za kutafuta chakula, kisha anasema kwamba siku hiyo, miaka 70 baada ya sheria, yeye alikuwa akipigana na utumwa wa siku hizi, nao ni njaa. Ulinganisho huu haukuletwa kwa ajili ya pambo. Umetokana na tarehe iliyo juu ya ukurasa na sufuria tupu iliyo chini yake. Vivyo hivyo jina la kitabu. Mwandishi aliufananisha mji na nyumba: sehemu za fahari ni sebule ya kupokea wageni, na favela ni mahali pa nyuma ambapo kitupwacho hutupwa. Msomaji na akumbuke kwamba Brasília, mji mkuu mpya wa nchi ile, ulifunguliwa kwa sherehe tarehe 21 Aprili 1960, miezi minne kabla ya kitabu hiki kutoka. Taifa lilikuwa likionyesha sebule yake mpya, na mwokota karatasi akafungua mlango wa chumba cha nyuma.

Ni vema kukilinganisha kitabu hiki na vingine. George Orwell, mwandishi wa Kiingereza, alitoa mwaka 1933 kitabu juu ya kuosha vyombo katika hoteli za Paris na kutangatanga pamoja na wasio na makao huko London. Ni kitabu cha kweli na cha heshima, lakini mwenyewe alikuwa na jamaa na elimu vya kumrudisha alikotoka. Oscar Lewis, mtaalamu wa Marekani, alitoa mwaka 1961 The Children of Sánchez, masimulizi ya jamaa moja ya mji wa Mexico aliyoyanasa kwa mashine ya sauti. Lewis alifundisha kwamba ufukara hujenga desturi ambazo wazazi huwarithisha watoto. Carolina hakuandika ili kumjibu, lakini hesabu zake ni jibu: watoto wake walilala na njaa kwa sababu bei zilipanda na karatasi zililowa, si kwa sababu ya desturi. Kwetu Kenya, Meja Mwangi alitoa mwaka 1973 riwaya ya Kill Me Quick, juu ya vijana wawili waliosoma ambao Nairobi haikuwapa kazi, wakaishi vichochoroni na kula vya mapipani. Riwaya hiyo yatutia uchungu wa haki. Hata hivyo mtunga riwaya anajua mwisho wa watu wake, na anaweza kuupanga. Mwenye shajara hajui kama kesho atakula.

Haifai kumsifu mwandishi bila ya kutaja upungufu wake. Carolina ni mkali mno kwa majirani. Wanawake wa favela karibu wote kwake ni wasengenyaji na wagomvi. Watu waliohamia huko kutoka kaskazini-mashariki mwa nchi anawasema kwa ujumla, kama kwamba tabia ya mmoja ni tabia ya wote. Anajitenga nao kwa sababu anasoma na kuandika. Tunaweza kuelewa: watu wengi wakigombea mfereji mmoja, jirani hugeuka kuwa mshindani, na ufukara una hila ya kuwafanya mafukara wachukiane. Lakini kuelewa si kukubali. Yeye aliyedai kwamba ahesabiwe hakuwahesabu majirani kwa haki ileile. Wanapita kitabuni wakipiga kelele, na mara chache sana tunaambiwa wao walinunua nini na fedha zao ziliishia wapi.

Jambo la pili halikuwa kosa lake. Mwandishi wa gazeti, Audálio Dantas, alikutana naye mwaka 1958, akavutiwa na madaftari yake, akayatangaza gazetini na kusimamia kitabu. Bila ya yeye huenda tusingalikuwa na kitabu. Lakini ndiye aliyechagua cha kubaki na cha kukatwa. Makosa ya tahajia ya mwandishi aliyaacha mengi, na kurudiarudia akakupunguza. Kwa hiyo tusomapo tukumbuke kwamba tunasoma sehemu ya madaftari, si madaftari yote.

Kitabu kiliuzwa kwa wingi na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mwandishi akahamia nyumba ya matofali, na mwaka 1961 akatoa kitabu cha pili juu ya maisha yake mapya. Hicho hakikupokewa kama cha kwanza. Watu walikuwa wametaka kumsikia mwokota karatasi akisema njaa. Hawakutaka kumsikia mwandishi akiwasema wao. Alikufa mwaka 1977, mbali na sifa zile. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio de Janeiro kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, miaka 44 baada ya kifo chake. Heshima hiyo ilistahili, lakini kuchelewa kwake ni ushahidi wa yale aliyoyaandika: chumba cha nyuma hufunguliwa mwisho.

Mafunzo ya kitabu hiki kwa kijana anayejifunza kuandika ni wazi. Utakapoagizwa kuandika insha juu ya ufukara, usianze na maneno makubwa kama dhiki, mateso na machozi. Maneno hayo yamechoka, na mwenye njaa hayatumii. Uliza mtungi mmoja wa maji wauzwa kwa bei gani, na ni nani anayeubeba, na kutoka umbali gani. Uliza unga wa siku moja wagharimu kiasi gani, na aliyeununua alifanya kazi saa ngapi kuupata. Uliza mvua ikinyesha ni nani asiyekula. Andika majibu kama yalivyo, na usimsahau jirani ambaye hakuulizwa. Ukifanya hivyo hutahitaji kumwomba msomaji ahurumie. Huruma huja ikaenda kama wingu, lakini hesabu iliyoandikwa sawasawa husimama, ikadai kulipwa.